Koko kati ya tembo wa Orissa

Juzi, nikitafuta zaburi katika Biblia ya maman, nilikuta picha ya mwanamke wa India mwenye chale usoni. Nilimjua.

Nilikuwa mdogo. Maman alimtunza madame mmoja mzee wa mtaa wa Koekelberg, huku uzunguni tulikokimbilia, na Jumatano alasiri nilienda naye kazini. Chumba kilinukia kahawa. Madame alifunga mapazia, akawasha mashine ya kuonyesha picha, na safari yake ya India ikapita ukutani polepole: misitu ya Orissa wasikofika watalii wengi, tembo, kisha yule mwanamke.

“Maman, si koko ule?”

Koko, mama yake maman, tulipotezana naye tukikimbia vita Kivu. Alikuwa na chale kama zile.

Maman akaniambia: “Bon. Donc, basi, alikimbia mbali.”

Nikafurahi sana.

Sasa najua koko hakuvuka hata mto wa kwetu. Nyuma ya picha, ambayo huenda aliiomba kwa madame, maman ameandika jina la koko.