Picha ya Kichwa cha Zahoro

Dakta Euphrasia hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakujisingizia kuwa hivyo. Kanisani sala ilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alifunga mdomo mpaka wenzake wapite. Aliyemkosea alikuwa mmoja tu: Profesa Elisaria, mkuu wake katika idara ya eksirei.

Kisa kilianza mwaka 1974, Zahoro, hamali wa Kariakoo, alipoangukiwa kichwani na gunia la chumvi kutoka kwenye lori. Alifika hospitali akitembea mwenyewe, anapiga soga, anaomba chai. Profesa akaitupia eksirei jicho moja, akaandika kwamba kichwa ni kizima, aruhusiwe.

"Profesa, mimi ningemlaza," alisema Euphrasia, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka masomoni.

Profesa alimcheka mbele ya wanafunzi. Kesho yake Zahoro alikuwa maiti, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba.

Siku zile nchini hapakuwa na mashine ya kuonyesha damu ndani ya fuvu. Daktari alisoma mfupa, mengine akabuni. Vitabu vya Ulaya vilifundisha kwamba katikati ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mtama, na mtu akikomaa tezi hiyo huingia chokaa, ikaonekana kwenye eksirei. Damu ikijaa upande mmoja, punje husukumwa upande wa pili. Usipoiona imehama, mruhusu mgonjwa. Maneno mazuri hayo! Ila Euphrasia alipozitazama picha za watu wetu, punje yenyewe haikuonekana. Kwa wengi, chokaa haikuwa imeingia kabisa. Profesa alikuwa akitafuta asichoweza kukiona, na kutokiona huko akakuita uzima.

Basi Euphrasia alihangaika miaka minne. Aliwafuata mahamali na wasukuma mikokoteni Kariakoo kwa miguu, akiwabembeleza walioumia kichwa warudi kupimwa. Filamu zilikuwa adimu kama sukari, kwa hiyo hata zile kuukuu alizibeba mpaka chumbani kwake Mchafukoge akazisoma dirishani kwa mwanga wa jua. Zikafika picha mia nne na kumi na mbili. Katika kila watu kumi, punje ilionekana kwa mmoja tu. Ya Zahoro akaiweka ya kwanza. Akaandika makala, akampelekea mkuu wake aipitishe, maana ndiyo iliyokuwa desturi.

Miezi minane baadaye makala ilitoka katika jarida moja la Ulaya, kwa jina la Profesa Elisaria peke yake. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, mwandishi alimshukuru Bi. Euphrasia kwa kupanga picha. Kupanga! Utadhani alipanga vikombe kabatini. Hakulia siku hiyo. Aliapa kwamba kazi yake itarudi kwenye jina lake, na aliyeiiba ataitapika mbele za watu.

Idara ikamwandalia Profesa sherehe katika ukumbi mmoja Mnazi Mmoja, nakala ya makala ikawekwa kila meza. Euphrasia angeandika barua ya malalamiko, lakini ingepitia kwa Profesa huyo huyo. Akakumbuka jambo jingine. Elisaria ni Mpare, yeye ni Mchagga, na hao ni watani. Mtani husema atakalo hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye aibu.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba nafasi ya mtani," alisema, akasimama na bahasha mkononi. "Wapare ubahili wao mnaujua. Huyu hata shukrani amenipimia kwa kijiko cha chai!"

Ukumbi ukaangua kicheko, Profesa naye akicheka.

"Sasa mtani wangu, kabla hujashika ubwabwa, nisomee hii." Akamkabidhi filamu ya eksirei.

Profesa, ameshiba sifa, akaiinua kwenye taa. "Nyie Wachagga, hata sherehe mnaigeuza kliniki! Hakuna kilichohama hapa. Kichwa kizima, mruhusu."

"Asante. Ndugu zangu, fungueni makala ya Profesa, picha ya kwanza."

Karatasi zikachakarika. Picha ilikuwa ile ile, na chini yake maelezo: punje haionekani, mgonjwa aliruhusiwa kwa makosa, akafa kesho yake. Kicheko kikafa meza moja baada ya nyingine. Profesa hakuitambua picha ya makala yake mwenyewe, wala hakuelewa ilichosema. Jasho lilimtoka, na Euphrasia alilitazama kwa raha, raha tupu, tamu kuliko alivyoiwazia miaka yote ile. Profesa akajaribu kucheka tena, maana mtani hakasiriki. Alicheka peke yake.

Mkuu wa chuo, mzee Kasmir, akavua miwani. "Dakta Euphrasia, tuache utani. Kazi hii ni ya nani?"

"Yangu, Mzee." Kisha akamgeukia Elisaria. "Jumatatu saa mbili asubuhi nawafundisha wanafunzi kuisoma picha hii. Njoo ukae mbele."