Vigelegele vya Maria wa Ruiru

Krismasi ya mwaka 1958, katika kanisa moja la Ruiru, Idah Gachanja aliigiza Maria katika mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu. Mchungaji alikuwa ameonya kwamba watu wakicheka, mchezo hautarudi tena.

Yesu alipozaliwa, kina mama walipiga vigelegele vitatu, desturi ya Wagikuyu kwa mtoto msichana. Mvulana hupigiwa vitano, lakini wote walimtambua mtoto aliyeigiza Yesu: ni Wamboi, binti wa jirani!

Idah aliinuka na kitoto mikononi.

“Mama zangu, huyu tumemwazima tu! Ongezeni viwili!”

Kanisa likaangua kicheko, na mchungaji mwenyewe akajifuta machozi ya kicheko.

“Maneno hayo nani aliyaandika, Idah?”

“Hakuna, Mchungaji. Mwakani niachieni niandike mimi.”

Aliandika hadi televisheni ilipofika nchini ikamwajiri. Katika michezo yake yote, walizaliwa wasichana tu, hivyo vigelegele vitatu vilitosha.