Nusu ya Maneno ya Alamelu

Tangu afiwe na mumewe, Alamelu wa Melukote, mji wa hekalu kusini mwa India, aliishi kwa kufundisha Kisanskriti barazani kwake, kwa njia aliyoirithi: mwalimu anatamka, mwanafunzi anarudia, na anayedondosha silabi moja anaanza upya. Hakuna aliyemudu kama Narahari, mtoto wa mpishi wa hekalu. Alamelu hakujaliwa mtoto. Alimlisha Narahari wali wa ukwaju kama mwanawe, mpaka kijana akawa mtu mzima, akahamia jiji la Bengaluru kutengeneza video za mtandaoni.

Siku moja akaja na kamera.

"Mwalimu, niimbie ule ubeti wa kale wa gari linaloruka angani."

Alamelu akauimba, kisha akaeleza kwa furaha, maana ni muda mrefu hakuna aliyemuuliza kitu.

"Gari hilo ni la mshairi, usilitafutie injini. Jivunie wahenga, mwanangu, lakini kwa walichofanya kweli. Walifungia chuma na majani ndani ya vyungu vya udongo, wakakiyeyusha, wakapata feleji, chuma kigumu kilichosifiwa hadi nchi za mbali. Vyungu vyenyewe vimefukuliwa."

Video ilipotoka, ulikuwemo ubeti, kisha sauti yake: "Jivunie wahenga, mwanangu." Halafu ndege ya kuchora ikipaa juu ya hekalu. Basi.

"Mama Alamelu!" muuza maua alimpigia kelele sokoni. "Kumbe tulikuwa na ndege, ukatunyima habari miaka yote hiyo?"

Alamelu alipofika nyumbani akapiga simu.

"Umenikata, Narahari."

"Nimefupisha tu, mwalimu. Nani atakaa asikilize habari za vyungu?"

"Mimi nilikufundisha kudondosha silabi?"

"Aa, yale yalikuwa mashairi. Watu wamekupenda! Jumapili wanakuvisha shali ya heshima ukumbini."

Alikwenda, kwa kuwa kungekuwa na kipaza sauti. Wakamvisha shali na shada la msandali. Akashika kipaza sauti, akasema: "Sikusema tulikuwa na ndege. Ule ni ushairi. Tukimfanya mshairi fundi wa ndege, tunamdhulumu yeye, na tunawasahau mafundi wetu wa kweli."

Ukumbi ukacheka kwa mapenzi, ukapiga makofi. "Mnaona unyenyekevu huo?" mwenyekiti wa hafla akasema. "Mwenye elimu hajitapi!"

Alamelu akamtazama Narahari, mstari wa mbele. Huyu peke yake alikuwa ameyasikia yote.

"Waambie, mwanangu. Wewe ulikuwepo."

Narahari akasimama, akakutanisha viganja, akatabasamu. "Mwalimu wangu ndivyo alivyo," akauambia ukumbi. "Hapendi kusifiwa."

Makofi yakazidi. Alamelu akavua shali, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya kiti. Mlangoni Narahari alimwahi, akainama mbele ya simu za watu waliokuwa wakirekodi, amguse miguu, kama mwanafunzi anavyompa heshima mwalimu wake. Alamelu akarudi nyuma hatua moja.

"Usiniguse," akasema taratibu. "Kamtafute aliyekufundisha haya, ukaishike miguu yake."