Mafundi Waliokuja Kuniombea

Kuna aibu za kuchekesha na kuna aibu za kunyamazia, na hii yangu nimeshindwa kuiweka upande wowote, kwa maana kila ninapoisimulia watu hucheka hadi wakajifuta machozi, nami hucheka pamoja nao, kisha nikifika nyumbani nikavua viatu moyo huniuma kana kwamba jambo lenyewe limetokea leo asubuhi. Basi nitawasimulia, mcheke. Ila mkimaliza kucheka msiwe na haraka ya kuniuliza kama nilisamehewa.

Mimi ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Machakos, na kazi yangu hapa Doha ni kupima vumbi. Msishangae, ni kazi kama kazi nyingine: maabara iliyoniajiri huchunguza hewa, nami ndiye ninayetoa vichujio kwenye mashine, kuvipima na kuandika kilichonaswa. Zamani nilianza shahada ya uzamili, nikaiacha njiani wadogo zangu walipohitaji karo, lakini swali nililokuwa nikilifuatilia halikukubali kuachwa. Swali lenyewe ni hili: vumbi linaloinuka huku majangwani husafiri mbali mno, na theluji iliyochafuliwa na vumbi hunyonya joto la jua ikayeyuka upesi kuliko theluji nyeupe, je, theluji ya kaskazini kabisa ya dunia ina vumbi letu ndani yake? Nilitaka niende nikaichote kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa mtu wa kupanga chumba mtaa wa Al Mansoura hapa Doha anafikaje huko? Vituo vya utafiti vya kaskazini viko mahali ambapo barabara zimekwisha, na gharama ya kufika tu humaliza mshahara wa mtu wa mwaka. Ndiyo maana kuna ufadhili maalumu: ukikubaliwa unalipiwa nauli, kitanda, chakula na siku za kufanya kazi kituoni, na hata mtu wa kukuongoza barafuni. Mwingi wa ufadhili huo hutafuta vijana wenye vyuo vikubwa mgongoni. Huu mmoja haukuuliza umri wala chuo, uliuliza swali lako ni lipi na utalijibu vipi. Nikaandika pendekezo langu, nikalituma, nikajisahaulisha, na siku moja nikaona barua pepe inayoniita kusailiwa na jopo kwa njia ya video. Nilikaa kitandani nikaisoma tena na tena. Nilijua kwamba nikiikosa hii, nitastaafu nikiwa mpimaji wa vumbi la maswali ya watu wengine.

Usaili ulipangwa Ijumaa mchana, ambayo kwao ni siku ya kazi na kwetu huku Doha, hata sisi Wakristo, ni siku ya mapumziko na ibada. Nikakiomba kikundi chetu cha sala kinikumbuke. Kiongozi wa kikundi ni Mama Neema, muuguzi wa miaka mingi, mkaazi wa Muaither, kando ya mji, ambaye ndiye aliyenipokea nilipokuja mji huu sijui hata pa kununulia unga.

"Tukukumbuke?" akaniuliza, kana kwamba nimemtukana. "Kwani wewe ni yatima, Dada Lydia? Tutakuja."

Nao wakaja, moja kwa moja kutoka ibadani: Mama Neema na chupa kubwa ya chai, Kizito, dereva wa Kiganda aliyewaleta, akiwa amekumbatia bakuli la mandazi, na mwenzangu wa nyumba, Akinyi, ambaye alikuwa amekwisha vaa sare yake ya uuguzi kwa sababu alikuwa na zamu jioni. Inafaa niwaeleze nyumba yetu ilivyo. Sebule ya fleti mwenye nyumba aliigawa kwa ukuta wa bodi apate wapangaji wawili. Upande wa dirishani ni wangu, upande wa ndani ni wa Akinyi, na Akinyi akitaka kutoka hana njia ila kupita kwangu. Ukuta huo (kama ni haki kuuita ukuta) hauzuii hata kupiga mwayo. Nikawaketisha wote kwa Akinyi, nikawasihi waombe kimoyomoyo, wakaahidi. Mimi nikatundika ramani kubwa ya kaskazini mbele ya kamba ya nguo zangu zilizokuwa zikikauka, nikavaa koti jeusi juu, na chini nikabaki na leso na malapa, maana kamera haifiki huko.

Jopo lilikuwa la watu watatu, na aliyeongoza alikuwa mzee wa ndevu nyeupe aliyesimamia kituo kimojawapo kwa muda mrefu. Tulizungumza Kiingereza. Nilianza vizuri, jamani, msije mkadhani sikujua ninachosema! Nilieleza vumbi, nikaeleza theluji, nikaeleza nitakavyochukua sampuli bila kuzichafua, na mwanamke mmoja wa jopo, mwenye miwani, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ila kila nilipomaliza hoja, upande wa pili wa ukuta mtu aliguna "Mmh!", na hoja ilipokuwa nzuri zaidi guno likawa "Ameni," nami nikaongeza sauti ili kulifunika, na wao, waliposikia nimeongeza sauti, wakadhani nimezidiwa, wakaongeza maombi. Tulipofika kwenye bajeti, yule mama wa miwani akasema makadirio yangu yanaonekana ya busara, na hapo Mama Neema akashindwa kujizuia.

"Pokea!" akapaza sauti. "Pokea, dada, ni yako!"

Mzee akainua uso. "Kuna mtu pamoja nawe hapo?"

Hapa ndipo palipo na uamuzi wangu mdogo. Ningeweza kusema ni rafiki zangu, wamekuja kuniombea. Maneno mepesi. Lakini niliwatazama wale watatu, kila mmoja na ofisi yake tulivu na rafu yake ya vitabu, nikaona haya: wataniona mwanamke wa kupanga nusu ya sebule, aliyejaza watu wa kukemea mapepo katika usaili wa kisayansi. Nikatabasamu.

"Ni mafundi," nikasema. "Wanatengeneza ukuta wa jirani. Poleni kwa kelele."

Upande wa pili pakawa kimya ghafla. Na mimi, mjinga niliyesoma, nikafurahia ule ukimya! Nilidhani wamenielewa, kumbe walikuwa wamenisikia.

Mzee akaniambia tuache sayansi kidogo. Huko kwao, akasema, dhoruba ikianza watu hufungiwa ndani siku nyingi, jiko moja, meza moja, na waliomshinda kazini hawakuwa wasiojua kupima bali wasiojua kuishi na wenzao. Akaniuliza nimewahi kuishi vipi na watu, karibu kiasi hicho, katika shida. Ndugu zangu, jibu lilikuwa tayari moyoni, nami nikalitoa lote: nikamsimulia kikundi chetu, jinsi nilivyougua homa mwaka wangu wa kwanza na Mama Neema akatoka zamu akaja kulala sakafuni kando yangu, jinsi tunavyopikiana Ijumaa, jinsi mmoja akifiwa nyumbani tunavyokaa naye asilie peke yake. Nilisema kwa ufasaha ambao sijawahi kuwa nao. Mama wa miwani akaondoa miwani yake.

Wakati huohuo, huko chini, basi la kuwapeleka wauguzi kazini lilikuwa limefika, na dereva wake hasubiri. Akinyi ilimlazimu atoke, na Mama Neema, kwa hekima yake, akaona heri watoke wote mara moja kwa kuinama, chini ya macho ya kamera. Nikaona kwenye kioo cha kompyuta, nyuma ya bega langu, mlango ukifunguka taratibu, kisha nikaona mgongo wa Kizito, mwanamume wa miraba minne, akitambaa kwa magoti huku amelishika bakuli la mandazi. Angefika salama kama asingeinua kichwa kunitazama. Kichwa kikagonga ramani, ramani ikaanguka, kaskazini yote ikamfunika Kizito, na kamba yangu ya nguo, pamoja na vile ambavyo mwanamke hatundiki mbele za watu, ikabaki wazi mbele ya jopo la kimataifa.

"Hao ndio mafundi?" akauliza mama wa miwani. Halafu akamwona Akinyi. "Amevaa sare ya uuguzi?"

Nilifungua kinywa. Ilikuwa nafasi ya pili, nami niliiona kabisa kuwa ni nafasi. Kinywa changu kikasema, "Ndiyo. Ndio mafundi."

Mama Neema akasimama wima. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani la zambarau. Akanitazama mara moja, si kwa hasira, kisha akaigeukia kamera na kusema kwa Kiingereza kile anachowasemesha madaktari wodini:

"Ndiyo, bwana. Ukuta tumeumaliza. Mtusamehe kwa kelele."

Akamwinua Kizito, akakusanya mandazi yaliyokuwa yamemwagika, moja moja, akatoka, na wenzake wakamfuata.

 Mzee akauliza kwa upole, "Na hao rafiki zako uliotusimulia, waliokuuguza, leo wako wapi?"

"Wako kazini," nikajibu. (Msinikumbushe habari za Petro; nimejikumbusha mwenyewe vya kutosha.)

Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Majibu yalikuja kwa barua pepe baada ya majuma machache: waombaji walikuwa wengi, wameshindwa kunipa nafasi, wananitakia heri. Hawakutaja sababu. Yawezekana kulikuwa na mtu mwenye swali bora kuliko langu, wala si jambo la ajabu. Lakini nikikumbuka ule upole wa sauti ya mzee, sidhani.

Kizito ndiye aliyelichukulia jambo kwa wepesi. Tulipokutana dukani alinipigia saluti ya kiaskari, akaniita bibi kwa Kiganda chake. "Nyabo, kama kuna ukuta mwingine tupigie simu, sisi tuko." Nikacheka, nikaomba radhi, akasema yamekwisha. Akinyi alinuna juma moja kisha akanunua kufuli la kabati, ambalo hakuwa nalo kabla, na hatukulizungumzia. Kwa Mama Neema nilipiga simu siku tatu mfululizo ndipo akapokea. Nikajieleza kwa marefu na mapana, nikamwambia sikuwa na nia ya kumshusha, kwamba neno lilinitoka tu.

"Sikuudhika kuitwa fundi," akasema. "Baba yangu alijenga nyumba za watu maisha yake yote, na ndiye aliyenisomesha. Lakini fundi hulipwa, Lydia. Sisi tulikuja bure."

Alikuwa hajawahi kuniita Lydia bila kutanguliza Dada.

Mwezi uliopita ufadhili ulitangazwa upya. Nimelifanyia kazi pendekezo langu, ni bora kuliko lile la kwanza, na safari hii, pale wanapouliza juu ya kuishi na wenzako, nimeandika mkasa huu wote kama ulivyo, pamoja na nguo kambani. Wakinichukua wanichukue wakinijua. Na nimeapa kwamba hakuna meza ya wakubwa, ya hapa wala ya barafuni, itakayonifanya tena nimkane mtu aliyeniletea chai. Nilipokwisha kutuma nikampigia Mama Neema, nikamwambia nitapika, waje Ijumaa kama zamani, tuombe pamoja.

Akanishukuru kwa mwaliko.

"Nitakuombea," akasema. "Usiku na mchana nitakuombea. Ila nitakuombea nikiwa kwangu."