Tovuti ya Maiti Wasiotambuliwa

Ukipita mbele ya mochwari unageuza shingo, unaziba pua, unaongeza mwendo. Ndiyo, wewe.

Ndani, asubuhi hii, mhudumu wanayemwita Shemeji amekaa mbele ya kompyuta ya ofisi, glavu zikichungulia mfukoni. Kwenye kiti cha plastiki, mama mmoja anasubiri habari za mwanawe aliyepotea.

"Kovu liko wapi, mama?"

"Shavu la kushoto, baba. Aliungua na chai. Birika nilikuwa nimelishika mimi."

Shemeji anaandika, anatafuta. Hakuna.

Miaka kumi na tisa Shemeji yumo humu mochwarini. "Mji mzima unaniita shemeji, ila hakuna anayenipa mkono," anasema.

Mwaka jana wahudumu wa mochwari sita za mji huu waliomba tovuti moja ya pamoja, ambayo kila mmoja angeandika maiti asiyetambuliwa na wenzake wakasahihisha. Zikaletwa programu mbili za kuchagua. Moja ni ukurasa mweupe, andika upendavyo. Nyingine ina nafasi za kujaza: urefu, meno, kovu, upande gani wa marehemu. Ukitafuta, inapekua mochwari zote kwa mpigo.

Shemeji aliipigania hiyo ya pili mpaka sauti ikamkauka.

"Niliwaambia, mimi nasimama miguuni. Kushoto kwangu ni kulia kwa marehemu. Mwenzangu anasimama kichwani. Tusipojaza namna moja, tutazika mtoto wa mtu."

Mkubwa mmoja wa manispaa akamjibu kikaoni, "Bwana Shemeji, wateja wako hawalalamiki." Kikao kizima kikacheka. Ukachaguliwa ukurasa mweupe, eti unapendeza kwenye simu. Waliocheka tunawajua, na hatujasahau.

Sasa Shemeji anafungua kurasa mojamoja. Huyu kaandika "alama usoni", yule "ngozi si nzuri". Karibu na adhuhuri anafika kwenye maneno "baka, shavu la kulia". Anampigia simu aliyeyaandika.

"Ulisimama wapi ulipomwangalia?"

"Miguuni, kama siku zote. Kwani vipi?"

"Bado unaye?"

"Gari la manispaa lilimchukua Alhamisi, Shemeji. Wako kumi na mmoja, shimo moja."

Shemeji anaiweka simu juu ya meza, uso chini. Mama amesimama.

"Wamesemaje, baba?"

Shemeji anamvutia kiti karibu na chake.

Maiti thelathini na saba wengine bado wamo kwenye kurasa hizo, na gari linarudi Alhamisi. Jumatano asubuhi manispaa inakaa kikao kuilipia programu ileile mwaka mwingine.

"Nitakwenda tena," anasema Shemeji. "Wacheke."

Asiende peke yake. Ukumbi wa manispaa uko wazi kwa kila mtu. Ingia, simama nyuma yake, na usikae mpaka waibadilishe.