Hundi Tano za Otto

Nimeolewa na mtu mwenye hisa, lakini kila alfajiri mimi ndiye ninayewasha moto nikaange maandazi, kisha niyatembeze mtaani Bombambili na beseni kichwani. Mwaka wa sita sasa. Magoti yangu yamekwisha.

Otto, mume wangu, alikuwa mpima tumbaku wa chama cha ushirika upande wa Namtumbo. Chama kilipoyumba, alipita karani mmoja akikusanya stakabadhi za mauzo, eti zikahakikiwe. Otto akampa za shamba letu zote. Karani hatukumwona tena, wala stakabadhi, wala malipo. Tangu hapo mume wangu akishika karatasi haitoki mkononi. Hata kadi ya kliniki utanyang'anyana naye.

Alipopunguzwa kazini mwaka 1998, wenzake walinunua baiskeli, wengine wakafungua genge Lizaboni. Yeye alisikia redioni kuwa kampuni moja ya Dar es Salaam inauza hisa kwa wananchi, na kila mwaka inagawa faida nono. Akapeleka kiinua mgongo chote huko.

"Mama Devota, vumilia kidogo tu," aliniambia. "Gawio likianza kuja, beseni utaliweka chini."

Na kusema kweli lilikuja. Kila mwaka bahasha ilifika kwa sanduku la posta la parokia, ndani mna hundi. Na kila mwaka Otto aliikunja akaifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nikimwambia aipeleke benki, anakuja juu: "Nikishawapa, mimi nabaki na nini?" Nilichoka kubishana, nikarudi kwenye unga wangu.

Mwaka huu nilianguka njiani na beseni, nikalala wiki nzima. Ndipo akakubali twende benki.

"Shikamoo baba," dada wa dirishani alisema, akazikagua. "Hundi mwisho wake miezi sita. Hizi nne zimepitwa na muda, na hii ya tano imebakiza siku chache. Niachieni zote. Hizi nne nitazirudisha kwa kampuni wawaandikie nyingine."

"Zote?"

"Zote, baba."

Otto akaziokota moja moja, akazibana kwapani, akatoka. Nilitamani kulia palepale kwenye foleni.

Njiani nilisema jambo moja tu. "Karatasi zako tunza. Ila kesho beseni ni lako."

Nilidhani atagoma. Lakini asubuhi alilibeba, mtu mzima na shati lake la ofisini, nami nikabaki kitandani nimejinyoosha, naona raha na huruma kwa pamoja. Alirudi saa tano, jasho tupu, maandazi kumi na tisa hayajauzwa. Akavuta sanduku la bati, akatoa hundi zote tano, akaniwekea mapajani.

"Kawape wewe," alisema. "Mimi mkono utakataa."