Mshenga Wangu Dalali

Jamani chekeni tu, maana mie mwenyewe nikikumbuka nilivyokaa siku ile ukweni Madale najifunika shuka mpaka usoni, na joto lote hili la Kiwalani.

Nilikuwa napeleka posa kwa kina Zuhura. Mie ni fundi simu, nina meza moja na chumba kimoja cha kupanga, na Zuhura anayajua yote hayo, lakini siku aliponionyesha picha ya kwao, geti refu, maua, nikaingiwa na hofu, nikamwambia mshenga wangu, Baba Mdogo Shomari (kazi yake dalali wa viwanja, na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi), "Baba mdogo, usiniache nionekane mnyonge."

Akacheka. "Niachie mie."

Tukakaa mkekani, tukaamkiana, juisi ikaja, baba yake Zuhura akauliza kijana anaishi wapi. Mnajua posa ilivyo, anasema mshenga, mwenye shida anainamisha kichwa tu. Shomari akakohoa. "Kwa sasa amepanga, ila anajenga. Kimbiji."

Nikamfinya paja, akadhani namtia moyo, akaongeza vyumba vitatu, akaongeza kisima, akaongeza minazi (dalali akishaanza kuuza hata wewe mwenyewe unatamani kununua), na mie jasho linatiririka mpaka kanzu imenigandia mgongoni, nawaza nikisema namwaibisha baba mdogo mbele za watu, nisiposema je?

"Kimbiji ipi?" mzee akauliza taratibu. "Mie nimezaliwa kule."

Shomari akanywa juisi yote kwa mkupuo.

Mzee akanigeukia. "Mwanangu, una nyumba Kimbiji?"

"Shikamoo," nikajibu (nilishamwamkia mara mbili).

"Marahaba. Una nyumba?"

"Sina, mzee."

"Hata kiwanja?"

"Hata kiwanja."

Akatikisa kichwa. "Zuhura alituambia mchumba wake hana kitu, ila si mwongo. Hilo la kutokuwa na kitu tulishalikubali."

Nyuma ya pazia nikamsikia Zuhura anainuka, mlango wa ndani ukafungwa. Posa tukarudishiwa palepale, kitambaa chake hakijafunguliwa.

Mpaka leo hapokei simu zangu. Fundi simu mzima nakaa kutwa naitazama simu yangu mwenyewe, nikiogopa isipoita na nikiogopa ikiita. Nikijaliwa kurudi pale, naapa, nitatafuta mshenga asiyejua kuuza hata karanga, na nitamfundisha maneno matatu tu: kijana amepanga Kiwalani.